Nimelipia giza

Nilitaka kuwapa hawa wa ukumbi wa sinema nyota tatu. Viti vizuri, choo kisafi, kiyoyozi kinapuliza mpaka unajuta kuacha mtandio nyumbani. Lakini kila nikikumbuka jibu la yule kijana wa mlangoni nafuta moja, na hivi ninavyoandika imebaki ya choo tu.

Ilikuwa wikendi moja hapa Dar, kwenye ukumbi ulio ndani ya jengo la maduka. Silitaji, sitaki kesi. Nilikwenda na mama mdogo. Mlangoni wakamnyang'anya chupa ya maji, halafu hatua chache mbele wakatuuzia maji yaleyale kwa bei ya kutukana. Haya, tukameza.

Matangazo yakaanza. Benki, mtandao wa simu, benki tena. Yalionekana hafifu, nikadhani ni kwa sababu taa za ukumbi hazijazimwa. Zikazimwa. Filamu ikafunguka na usiku wa porini, nikajisemea huu usiku utakucha. Haukukucha. Ikafika sehemu watu wako ufukweni, jua la saa sita, vivuli vifupi, na bado nyuso zao zimefifia kama zimepakwa masizi. Mama mdogo akaninong'oneza, "Huyu anayeongea ndiye mume au ndiye yule mwizi?" Nikamwambia sijui. Kweli sikujua.

Mbele yetu alikaa jamaa anarekodi filamu na simu. Siku nyingine ningemsema. Siku hiyo nilijikuta nachungulia begani kwake, maana kamera ya simu inaongeza mwanga yenyewe na mume nilimtambulia humo.

Nikatoka kulalamika. Kijana yuko kwenye kistuli, macho kwenye simu. Nikamweleza picha ina giza.

"Dada, filamu ndivyo ilivyo. Imepigwa kigiza."

Nikamwomba aje aone mwenyewe. Akasema wenzangu hawajalalamika. Nikamwambia basi aniitie fundi wa projekta.

"Hakuna fundi, dada. Inajiendesha yenyewe."

Na akarudi kwenye simu yake! Hakuwa na hasira wala dharau ya wazi, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Alinijibu kama anayeniambia choo kiko kushoto.

Sasa, pembeni yake palikuwa na boksi la ile miwani ya filamu za 3D. Mimi si fundi, lakini najua filamu za namna hiyo katika kumbi nyingi huonyeshwa kwa kuweka kichujio mbele ya lenzi ya projekta. Kichujio hicho kinakula zaidi ya nusu ya mwanga. Ukikisahau pale ukaonyesha filamu ya kawaida, watu wanaangalia giza. Inawezekana pia taa ya projekta imechoka na wanaivuta mpaka ife. Vyovyote iwavyo, mtu mwenye macho akiingia kwa dakika moja angejua. Tatizo ni kwamba hapakuwa na wa kuingia. Filamu siku hizi iko kwenye kompyuta, ratiba imepangwa, saa ikifika inaanza, hata ukumbi ukiwa na paka peke yake.

Mama mdogo ndiye aliyenichochea zaidi tukiwa kwenye foleni ya kutoka maegesho. Ujana wake ulikuwa wa Avalon na Empress, sinema za zamani za hapa Dar, na ile Drive-In ya Msasani, ya kutazama ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa 1966, pale ulipo Ubalozi wa Marekani sasa. Filamu za Kihindi, mapumziko katikati, karanga kwenye karatasi. Anasema picha ikipata ukungu kidogo tu ukumbi mzima unapiga miluzi mpaka yule fundi wa chumba cha juu cha projekta airekebishe. Leo juu hakuna wa kumpigia mluzi. Hata kibanda umiza, lile banda la mtaani la kuonyesha video, kinawashinda hawa: sauti ikikatika watu wanapiga kelele, na mwenye banda amekaa humohumo anaangalia na ninyi, anasimama kushika waya.

Na nyumbani kumekuwa kutamu. Kabla ya 2020 ulisubiri kama miezi mitatu filamu itoke ukumbini ifike mtandaoni. Siku hizi nyingine hazimalizi hata mwezi na nusu. Kwa hela ya tiketi mbili na bisi nalipia king'amuzi, chenji nanunua bando, na mwanga wa televisheni yangu nauongeza mwenyewe kwa rimoti.

Ila niseme haki. Kuna kichekesho kimoja kilisikika vizuri ingawa hakikuonekana, ukumbi ukalipuka, na mama mdogo akajikuta anagongeshana viganja na mama wa kiti cha pili asiyemjua. Wakagawana bisi mpaka mwisho. Sijamwona akicheka hivyo sebuleni kwangu, huko anasinzia kabla ya nusu saa. Kwa hilo, sawa, nyota mbili.

Nilikuwa nimeishia hapo. Kisha wakajibu ujumbe niliowaandikia. Wanasikitika, wananithamini, na wamenipa kuponi. Ya nini? Ya bisi. Nimelalamikia giza napewa bisi, na kwa maandishi madogo chini: lazima uwe na tiketi ya siku hiyo.

Moja. Ya choo.