Hesabu njiti za kiberiti: hadithi za theluji za Jack London

Kitabu hiki nilikikuta kwa muuza vitabu vya mitumba Dar, kimelazwa kwenye turubai katikati ya vitabu vya uhasibu. Shilingi 3,000. Jalada limechanika na maandishi ni madogo, sharti ukae dirishani. Ni hadithi fupi za Jack London, mwandishi wa Marekani, kuhusu Klondike, kule Kanada, alikokwenda 1897 akiwa na miaka 21 kutafuta dhahabu. Aliambulia kiseyeye, na hizi hadithi.

Mimi kwetu Makete. Anayesema Tanzania hakuna baridi hajaamka kwetu mwezi wa sita akakuta majani meupe kwa sakitu. Bibi alinifundisha kuwasha kuni mbichi kabla sijajua kusoma, kwa hiyo "To Build a Fire" niliisoma kama mpishi anayechungulia sufuria ya mwenzake.

Mtu asiye na jina anasafiri na mbwa asiye na jina, kwenye baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, yaani karibu 59 kwa Selsiasi. Mzee mmoja alishamwonya asitoke peke yake, yeye akamcheka huyo mzee. Anatumbukia majini, miguu inalowa, anakoka moto vizuri kabisa. Ila amekoka chini ya mti! Kila akichomoa kijiti mti unatikisika kidogo, na juu matawi yameelemewa na theluji. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Wee, toka hapo!"

London hamtukani mtu wake. Anasema tu kwamba hana mazoea ya kuwaza zaidi ya anachokiona. Mbwa, asiyejua kipimajoto ni nini, anajua tangu asubuhi kwamba hii si siku ya safari. Kejeli yote imelala hapo. Hofu nayo inacheleweshwa. Kwanza unapewa hesabu. Njiti 70 za kiberiti zinawaka kwa mkupuo katikati ya viganja vilivyokufa ganzi, na mtu anajua anaungua kwa kusikia harufu ya nyama yake.

Baada ya hapo nikaanza kuzitafuta njiti kila mahali. Kwenye "Love of Life" ziko 67. Mwenye nazo, aliyetelekezwa na mwenzake, anazihesabu mara tatu kisha anazigawa: nyingine kwenye kifuko cha tumbaku, nyingine ndani ya kofia, nyingine kifuani. Dhahabu yake ataitupa, njiti hatupi. Kwenye "The Law of Life", mzee Koskoosh, mwenyeji wa huko, ameachwa na watu wake pembeni ya rundo dogo la kuni, na siku zake zilizobaki ni hilo rundo. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Kasoro zipo. Wanawake ni wachache na wamewekwa pembeni. Wenyeji wa huko mara nyingi wanatazamwa kwa jicho la Mzungu mgeni, ndiyo maana Koskoosh, anayepewa mawazo yake mwenyewe, amenikaa zaidi. Na ukikutana na "To Build a Fire" ya 1902, iliyoandikwa kwa jarida la vijana, ambamo yule mtu anapona, ipite. Tafuta ya 1908.

Ukikiona kwa bei niliyonunulia mimi, chukua, ila funua mwisho kwanza. Changu kinakosa kurasa nne, na hadithi ya mwisho sijui iliishaje.