Chombo kikikifuata kituo cha anga: macho matupu au darubini?

Ukitaka kuona chombo kikikaribia Kituo cha Kimataifa cha Anga, mimi nachagua macho matupu. Toka nje jioni giza linapoanza kuingia, au alfajiri, wakati huku chini kumeshakuwa giza ila kule juu, kilomita 400 hivi, jua bado linapiga. Utaona nukta mbili zikipita njia moja bila kupepesa: kubwa inang'aa sana, ndogo inaifuata kama ndama na mama yake. Zikiachana kilomita 10 na zikiwa utosini, pengo lake ni kama miezi mipevu mitatu ikipangwa sambamba. Zikibaki mita 200 tu, jicho linaona nukta moja, basi.

Hapo ndipo darubini inapoanza kudai nafasi yake. Kituo kina upana wa mita 109, na darubini nzuri huonyesha hata mabawa yake ya sola. Tabu ni kukifuata: kinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, kinapita anga lote kwa dakika kama sita, na mara nyingi utabaki unachungulia giza. Darubini ya mkononi, ile ya macho mawili, ina nafuu.