Uzoefu wangu: linki ndani ya majedwali ya Power BI, kuanzia madeni hadi risiti za EFD

Kwa walio na haraka: kama ofisini kwenu tayari mnatumia Power BI (programu ya Microsoft ya kutengeneza ripoti) kwa ripoti za mauzo na madeni, wekeni linki kwenye majedwali yenu. Hazina malipo ya ziada, na anayejua kuandika fomula ya kawaida ya Excel ataziweza. Chati za rangi husifiwa mkutanoni, mkutano ukiisha hakuna anayezifungua tena. Jedwali lenye linki watu wanalifanyia kazi.

Mimi natengeneza ripoti kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Gerezani, Dar es Salaam. Mabati, nondo, rangi, mabomba. Wateja wa mkopo ni wengi: wa Kibaha, wa Morogoro, na wale wa Lubumbashi na Ndola wanaokuja Kariakoo kufunga mzigo. Ripoti inayotazamwa kuliko zote ni ya madeni, yenye jina la mteja, namba ya ankara, kiasi, na siku zilizopita tangu tarehe ya kulipa. Kabla ya linki, dada anayefuatilia madeni alikuwa anasoma jina hapo, anatafuta namba ya simu kwenye daftari, anaifukua ankara kwenye mafolda ya kompyuta, ndipo amtafute mteja. Ripoti ilimwambia nani anadaiwa, halafu ikamwacha hapo.

Kuweka linki yenyewe ni kazi ya dakika chache. Unatengeneza safu yenye anwani kamili inayoanza na https, unaichagua, kisha kwenye "Column tools" unabadilisha "Data category" iwe "Web URL". Ukiiweka kwenye jedwali utaona anwani ndefu mbaya inayokula nafasi yote. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kuwasha "URL icon", anwani ikawa alama ndogo ya mnyororo. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni kuingia "Cell elements", kuchagua safu ya jina la mteja, kuwasha "Web URL" na kuielekeza kwenye safu ile ya anwani. Jina lenyewe linakuwa linki, na safu ya anwani huna haja ya kuionyesha. Bosi wangu hakuhitaji maelezo yoyote. Aliona jina limepigiwa mstari, akabofya.

Linki ya kwanza niliyoweka ni ya WhatsApp. Anwani ya wa.me ikifuatiwa na namba ya simu yenye msimbo wa nchi hufungua mazungumzo na mtu huyo, hata kama hukumhifadhi kwenye simu. Haitumi ujumbe yenyewe; wewe ndiye unayebonyeza kutuma, na hilo ni jema. Isitangulie alama ya kujumlisha wala sifuri, na katikati pasiwe na vistari. Sasa tazama namba zilivyo kwenye orodha yoyote ya wateja wa Kibongo: moja inaanza na 07, nyingine na +255, nyingine Excel imeshaikata sifuri ya mbele. Kwa namba za Tanzania dawa ni fupi, kwa sababu tarakimu tisa za mwisho ni zilezile kwa vyovyote itakavyoandikwa:

Linki = "https://wa.me/255" & RIGHT(Wateja[Simu], 9)

Ondoa kwanza nafasi zilizo katikati ya namba. Weka pia sharti la IF, mteja asiye na namba asipewe linki, la sivyo utapata wa.me/255 isiyokwenda kokote. Na hapa ndipo pa kuwa macho kwelikweli: namba za Kongo (243) na Zambia (260) nazo zina tarakimu tisa baada ya msimbo. Fomula hiyo ikimpitia mteja wa Lubumbashi itamzalishia namba ya Kitanzania isiyo yake bila kulalamika, na ujumbe wa deni lake utamfikia mtu baki. Weka safu ya nchi kwenye orodha ya wateja, msimbo utoke huko. Ukitaka ujumbe uwe umeshaandikwa, wa.me inapokea ?text= mwishoni, ila nafasi na alama zote lazima zigeuzwe kuwa vijinamba vya aina ya %20. DAX, yaani lugha ya fomula ya Power BI, haina kitendakazi cha kazi hiyo. Power Query, sehemu ya Power BI ya kuandalia data, inacho, kinaitwa Uri.EscapeDataString, kwa hiyo ujumbe nautengenezea huko.

Linki ya pili inafungua nakala ya PDF ya ankara iliyoko SharePoint, hifadhi ya mafaili ya Microsoft mtandaoni: anwani ya folda, namba ya ankara, na .pdf mwisho. Kiufundi hakuna cha kueleza. Kibinadamu kipo, maana inategemea kila faili liitwe kwa namba ya ankara, basi. Mtu akiliita "ankara mpya ya mzee final", linki inakufa. Programu haiwezi kulimaliza hilo. Aliyelimaliza kwetu ni mhasibu, ambaye sasa anakataa faili lenye jina la ajabu.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya. Risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ina msimbo wa uhakiki, na ile QR iliyoko chini ukiiskani inakupeleka kwenye ukurasa wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), verify.tra.go.tz, unaoonyesha risiti kama mamlaka inavyoijua. Anwani hiyo haina uchawi: ni msimbo wa risiti, kistari cha chini, kisha muda wa risiti kwa tarakimu sita. Kwa hiyo jedwali la manunuzi likiwa na safu ya msimbo na safu ya muda, kila mstari unajitengenezea linki yake. Mhasibu anayeandaa ritani ya VAT haskani tena karatasi zilizofifia wino. Anashuka na jedwali, anabofya zenye kiasi kikubwa au za muuzaji asiyemfahamu, analinganisha jina na jumla. Sifuri inarudi kutesa hapa pia: risiti ya 09:05:07 lazima iwe 090507, na muda uliohifadhiwa kama namba utakuwa 90507, ukurasa usikupe kitu. Safu ya muda iwe maandishi tangu siku ya kwanza.

Jambo moja halisemwi vya kutosha. Ukimzuia afisa mauzo asione mistari ya mikoa mingine, umezuia mistari ya ripoti tu. Faili linalofunguliwa na linki linalindwa na ruhusa za SharePoint, siyo na Power BI. Kama folda imeachwa wazi kwa kila mwenye linki, basi iko wazi. Na namba ya simu iliyofichwa nyuma ya jina haijafichika. Weka kishale juu yake, itajionyesha pembeni ya kivinjari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Ripoti yetu ya madeni inaonwa na wanaofuatilia madeni pekee.

Nisichokipenda? Linki hukutoa nje ya ripoti, na mtu wa vichupo vingi hupotea. Ukitaka kumpeleka mtu kwenye ukurasa mwingine wa ripoti ileile, tumia "drillthrough", usilazimishe linki. Na mwenye kampuni bado anataka karatasi kila Jumatatu. Karatasi haibofyeki, kwa hiyo namba ya ankara ibaki inasomeka kwenye jedwali hata kama ina linki.

Kuhusu bei, Power BI Desktop ni ya bure, lakini kushirikisha wenzako ripoti kwa kawaida kunahitaji leseni ya Pro, ambayo tangu Aprili 2025 ni dola 14 kwa mtumiaji kwa mwezi, kutoka dola 10. Kwa duka la watu wawili watatu singeshauri. Chukua Google Sheets na Looker Studio, zana ya ripoti ya Google, ya bure. Kitendakazi chake HYPERLINK kinapokea anwani na maandishi ya kuonyesha, na anwani ya wa.me inafanya kazi vilevile.