Kliniki ya meno mjini Mtwara iliyotoa usaha kwanza, vidonge baadaye

Mwezi Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto, mjomba wangu aliletwa Mtwara mjini kutoka Tandahimba akiwa amevimba taya la chini upande wa kulia, kiasi cha kushindwa kupitisha kijiko kinywani. Kwa siku sita alikuwa ametafuna karafuu na kusukutua kwa maji ya chumvi, kisha akanunua dukani vidonge sita vya rangi mbili, kwa sababu fedha ya korosho ilikuwa haijaingia benki. Nilimpeleka katika kliniki moja binafsi ya meno, ambayo jina lake naliacha kwa kuwa baadhi ya nitakayosema ni lawama, na nilikaa naye tangu mapokezi hadi alipong'olewa jino siku ya nne. Naipa nyota nne kati ya tano.

Nyota ya kwanza waliipata kabla hata ya kugusa jino. Daktari, kijana wa umri wa watoto wa mjomba, alimwamkia shikamoo, akamwomba ainue ulimi kadiri anavyoweza, akabonyeza chini ya kidevu pande zote mbili, akauliza kama mate yanamezeka na kama usiku pumzi inabana. Nilipotaka kujua sababu, alieleza kwamba maambukizi ya magego ya chini huweza kushuka hadi chini ya ulimi na kuusukuma juu mpaka njia ya hewa izibe; ugonjwa huo unaitwa kwa jina la daktari wa Ujerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliyeueleza mwaka 1836. Alisema wazi kwamba kama angeona dalili hizo angetuandikia rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula saa ileile, bila kutuchaji kitu.

Baada ya hapo alitueleza ni viumbe gani tunaopambana nao. Kinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na wengi wanaoshiriki katika majipu ya meno ni wale wasiohitaji oksijeni, ambao kwa baadhi yao hewa tunayovuta ni sumu. Mjomba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, akauliza watu hao wanaishije katika kinywa kinachopigwa na upepo kutwa nzima. Swali lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba hujificha kwenye mifuko iliyo kati ya jino na ufizi, na ndani ya jino ambalo kiini chake kimekufa na damu haifiki tena. Tena hutanguliwa na bakteria wengine wanaotumia oksijeni kidogo iliyopo, wakawaachia hawa nyumba iliyo tayari. Harufu ile nzito iliyotufanya tuzibe pua ndani ya bajaji njia nzima inatokana na asidi na gesi za salfa wanazozalisha wanapovunja protini.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini vile vidonge sita vilikuwa kazi bure. Dozi yenyewe haikutosha, lakini hata ingetosha, dawa husafirishwa na damu, na katikati ya jipu hakuna mshipa wa damu unaopita. Kwa hiyo daktari alipiga ganzi, akapasua ndani ya shavu pale palipolainika, usaha ukatoka karibu kujaza kikombe kidogo cha kahawa, akaacha kipande chembamba cha mpira ili uendelee kuchuruzika. Jino halikung'olewa siku hiyo kwa kuwa mdomo haukufunguka vya kutosha kuingiza koleo. Niliuliza kama usaha utapelekwa maabara. Alijibu kwamba bakteria hawa hufa wakikutana na hewa, hivyo pamba ya kawaida haiwabebi salama, na kuwaotesha kunahitaji chombo kisicho na oksijeni pamoja na siku kadhaa za kusubiri. Kwa jipu la kawaida lililokwisha kufunguliwa, matibabu hayangebadilika. Napenda mtu anayeeleza kwa nini kipimo fulani hakifanywi, badala ya kukiongeza kwenye bili.

Dawa alizoandika zilikuwa amoksilini na metronidazoli, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Flagyl na kuihusisha na tumbo tu. Inavyofanya kazi inavutia: huingia ndani ya bakteria ikiwa imelala, na ni mfumo wa bakteria wenyewe wasiotumia oksijeni unaoiamsha na kuifanya iharibu vinasaba vyao. Matumizi yake kinywani yaligunduliwa kwa bahati, pale daktari wa meno wa London, David Shinn, aliporipoti mwaka 1962 kwamba mgonjwa aliyeitumia kutibu trikomona, ugonjwa wa zinaa, alipona pia fizi zenye vidonda. Daktari wetu, akijua vyema huo ni msimu wa mabibo, yanayotengenezwa pombe ya uraka, alimtazama mjomba akamuuliza bila kuzunguka, "Mzee wangu, uraka unakunywa?" Mjomba aliniangalia mimi kwanza. Alikatazwa pombe ya aina yoyote hadi siku kadhaa baada ya kumaliza dozi, maana dawa hiyo huweza kumletea kutapika na moyo kwenda mbio, na alitahadharishwa kwamba mdomo utakuwa na ladha ya chuma.

Kuhusu usafi sina la kuwasema. Vifaa vilitolewa mbele yetu kwenye pakiti zilizofungwa, zenye utepe unaobadilika rangi baada ya kupita kwenye mtungi wa mvuke. Hilo si pambo, kwani mbegu za bakteria kama wa pepopunda hustahimili maji yanayochemka na huhitaji mvuke wa nyuzi 121 kwa shinikizo.

Nyota iliyopotea ilipotelea mapokezi. Tulifika saa 2 asubuhi kama tulivyoelekezwa kwa simu, tukaonwa saa 5, na mgonjwa mwenye homa alikaa kwenye benchi lisilo na egemeo. Kwenye dirisha la dawa tuliandikiwa "2x3" bila maelezo, hadi nilipouliza ndipo nikaambiwa ni vidonge viwili kutwa mara tatu, baada ya chakula. Risiti niliidai mara mbili.

Siku ya nne uvimbe ulikuwa umeshuka, mpira ukatolewa, gego likang'olewa kwa dakika chache. Jumla tulilipa shilingi 85,000 kwa ziara zote mbili, dawa zikiwemo. Kuna jino jingine lililotoboka upande wa kushoto, na daktari alishauri lizibwe mapema. Mjomba ameahidi kurudi baada ya mnada wa mwisho, na namba ya mapokezi ameihifadhi kwenye simu yake mwenyewe.