Uchambuzi: Whittle W.1, jeti ya kwanza ya Uingereza kuruka

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tunaichambua Whittle W.1, injini ya jeti ya kwanza ya Uingereza kurusha ndege. Nawaambia mapema: naipenda, na ninachokipenda ni usahili wake.

Ndani iko hivi. Mbele kuna gurudumu moja la kompresa, yaani kibana hewa, lina mapezi pande zote mbili. Hewa inaingia katikati, gurudumu linaitupa nje kwa kasi, inabanwa, inaingia kwenye chemba 10 za kuchomea mafuta, kisha gesi ya moto inazungusha turbini, gurudumu la nyuma lililo kwenye shafti hiyohiyo ya kompresa. Basi! Hakuna pistoni, hakuna panga boi.

Kilichomtesa Frank Whittle, Mwingereza aliyeibuni, ni moto. Tarehe 12 Aprili 1937, mjini Rugby, injini yake ya majaribio iliwaka mara ya kwanza. Mlio ukapanda. Akafunga valvu ya mafuta, injini ikazidi kuchanganya! Mafundi wakatoka mbio. Kumbe mafuta yalivuja na kutuama ndani ya chemba, ikawa inajilisha yenyewe. Uchomaji ukawasumbua miaka mingine mitatu, hadi Isaac Lubbock wa Shell alipoleta pua ya kunyunyiza mafuta kama ukungu, mwaka 1940. Kwangu mimi, hiyo ndiyo iliyoiokoa injini hii.

Pesa nazo hazikuwepo. Mwaka 1935 hataza ya Whittle, yaani haki yake ya uvumbuzi, ilikufa kwa kukosa pauni 5 za kuihuisha, na Wizara ya Anga haikutaka kumlipia. Inauma sana.

Tarehe 15 Mei 1941, huko Cranwell, Uingereza, rubani Gerry Sayer aliirusha Gloster E.28/39, ndege ya majaribio yenye W.1, kwa dakika 17. Msukumo ulikuwa kama kilo 390 tu, na Wajerumani walishatangulia na ndege yao ya jeti, Heinkel He 178, tangu Agosti 1939.

Udhaifu? Unene. Ukitaka nguvu zaidi unapanua gurudumu, na injini pana inapambana na upepo. Jumo 004, injini ya jeti ya Wajerumani, ilikuwa nyembamba, lakini walikosa nikeli na kromi za kutosha, metali za kuhimili moto, ikawa inachoka ndani ya saa 25 au pungufu. Welland ya Rolls-Royce, mrithi wa W.1 aliyeingia vitani na ndege ya kivita Meteor Julai 1944, ilikwenda saa 180 kabla ya kushushwa na kufumuliwa. Ningekuwa fundi wa zamu mwaka ule, ningechukua ya Whittle bila kusita.