San Marzano: mbegu ya nyanya niliyoipanda Malindi kwa ajili ya rojo la biriani

Mbegu hizi nilizinunua duka moja la Lamu Road, pale Wataliano wanaponunulia jibini na tambi zao. Maandishi yote ya Kitaliano, na miezi ya kupandia ni ya kwao Ulaya. Za kwanza nilizisia Desemba; zikatoa maua wakati wa kaskazi na joto likayapukutisha yote. Za pili nilizisia Juni, kusi ikivuma, na hizo ndizo zilizozaa.

Zimezaa nyanya ndefu, zilizochongoka nchani kama pilipili. Ukiikata, ndani mna vyumba viwili tu, mbegu chache, nyama tupu. Nyanya nyingine huzikaanga mpaka mkono uchoke, nikingoja maji yakauke. Hizi zilishika mapema, mafuta yakajitenga, rojo likawa zito na jekundu bila hata kijiko cha nyanya ya kopo. Ukali wake ni mdogo, kwa hiyo niliongeza mtindi na ndimu. Wifi yangu, ambaye hasifu chakula ovyo, aliuliza nyanya nimezitoa wapi.

Asili yake ni San Marzano sul Sarno, karibu na Naples, kwenye udongo wa majivu ya volkano ya Vesuvius. Wenyewe husimulia kwamba mbegu ilifika mwaka 1770, zawadi kutoka Peru. Tangu 1996 Umoja wa Ulaya unalinda jina la zile za kopo zinazotoka eneo hilo, basi zangu za mchanga wa Malindi hazistahili alama ile. Hata nyanya ya Roma tunayoizoea ina damu yake.

Ila San Marzano inataka mtu wa kukaa nayo. Hutambaa juu kupita kichwa changu, bila fito inalala chini. Na maji usiyakatize: nilikwenda harusini Mambrui siku tatu, niliporudi nyanya kadhaa zilikuwa zimeoza kitako, nyeusi kabisa. Kwa kachumbari msihangaike nayo, ni kavu mno. Chukueni zile za mviringo.

Si chotara, kwa hiyo mbegu zake huzaa zilezile. Nimezichagua kutoka mche uliozaa vizuri zaidi, nikaziosha na kuzianika kivulini. Wifi ameshachukua fungu lake.