Mwandishi alivokuja skulini kwetu Pemba, nnavoiona mie huduma hii

Kuna walimu wenzangu wa Unguja na wa hapa hapa Pemba wameniuliza hii habari ya kumwalika mwandishi wa vitabu skulini, inafaa au ni kupoteza siku ya masomo, bas nkaona niandike hapa moja kwa moja mana kwenye simu siwezi kumjibu kila mtu. Jibu langu inafaa, tena sana. Lakini si kila ziara, na hilo nataka nilieleze vizuri kwa sababu mie nshaona mbili, moja imetuachia watoto wanaoandika mpaka leo na moja haikutuachia kitu.

Nasomesha Kiswahili skuli ya msingi upande wa Wete, darasa langu la sita lina watoto 74. Maktaba tunayo kwa jina tu, kabati moja la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu, lina vitabu vya kiada na vichache vya hadithi ambavo majalada yashatoka zamani. Kwa hivo mtoto wa kwetu akisikia kitabu anafikiria mtihani. Hadithi anazijua, za bibi yake usiku, paukwa pakawa, izo anazo tele wallahi, ila hakuna aliyewahi kumwambia kuwa zile za bibi na hizi za kwenye karatasi ni ndugu.

Ziara ya kwanza ilikuwa miaka mitatu nyuma. Mgeni kaja na msafara, spika kubwa, watoto wamepangwa juani tokea saa mbili, ikatolewa hotuba ya kusoma ni hazina na kitabu ni taa, likafunguliwa boksi vitabu vikauzwa kwa bei ambayo mzee wa kwetu hawezi, wakapiga picha, wakaondoka. Wiki ya pili nikawauliza watoto wanakumbuka nini wakanambia soda. Simtaji mtu, nasema tu mujue kuwa na hiyo nayo huitwa ziara ya mwandishi.

Hii ya mwaka huu ni nyengine kabisa. Ni bibi mmoja wa makamo, anaandika hadithi za watoto, anakaa Unguja lakini wazee wake wa huku huku, jina lake sijalitia mana sijamuomba ruhusa. Nilipompigia simu la kwanza aloniuliza si nauli wala malipo, kaniuliza, "Maalim, watoto washakisoma?" Nkamwambia bado. Akasema, "Bas mie siji mpaka wakisome, ntakuja kufanya nini na wao hawanijui?" Tukakubaliana anitumie nakala 20 kwa shilingi 5,000 moja, na kamati ya skuli, Mungu awalipe, wakachangishana 100,000. Watoto watatu wanne kitabu kimoja. Wiki mbili nzima kipindi cha mwisho tunasoma kwa sauti, mmoja anasoma wenziwe wanafuata kwa kidole, na mie sikuuliza suala hata moja la "toa maana ya neno". Nlikaa tu nkasikiliza. Ikifika kengele wanasema Maalim bado ukurasa mmoja. Mie miaka 14 nasomesha sijawahi kuambiwa neno lile.

Siku yenyewe kateremka boti bandari ya Mkoani jana yake, kalala kwa jamaa zake Chake Chake, asubuhi kaja na gari ya abiria kama mtu mwengine yoyote. Tushamtengezea meza na kitambaa na kiti cha mbele, hakutaka, akauliza kama tuna majamvi. Tukatandika chini ya mwembe, akavua viatu akakaa kitako na watoto.

Hapa ndo nataka mukae na mie kidogo. Katoa mkobani buku. Buku la kawaida la mistari, lile lile wanaloandikia wao, nyuma lina jedwali la kuzidisha, jalada limepauka na pembe moja imelowa chai. Kasema hiki ndo kitabu chenu kabla hakijawa kitabu. Akalifungua ukurasa wa kwanza akampa mtoto aliye karibu nae akamwambia pitisha. Sasa watoto ile sentensi ya mwanzo wanaijua kwa moyo, wiki mbili wameisoma, na mule ndani ya buku imeandikwa ikakatwa, ikaandikwa tena ikakatwa, watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti kama wanahesabu maembe, mara 11! Mara 11 mtu mzima kakosea sentensi moja! Buku likazunguka jamvi lote, kila mtoto analishika anatia kidole pale palipokatwa, wengine wanajaribu kusoma yaliyo chini ya mkato. Pakawa kimya. Kisha mtoto mmoja wa kike, huyu darasani hanyanyui mkono, kanitizama mie, hakumtizama mgeni, kaniuliza, "Maalim, kwani tukikata hutupunguzii maksi?"

Ndo nlikuwa nawapunguzia. Usafi wa kazi, maksi mbili, hivo ndo na mie nilivosomeshwa na hivo ndo nilivosomesha. Mtoto ashaandika sentensi, akiona haipendezi anaiacha hivo hivo mana akiikata anapata hasara. Nkamjibu pale pale mbele ya wote kuwa kuanzia leo sipunguzi, na sijapunguza tena. Kama ziara ingeishia pale mie ningeona pesa zetu zisharudi.

Masuala waliyouliza yalikuwa ya watu waliosoma, si yale ya kupangiwa na mwalimu. Yule mzee wa kwenye hadithi kwa nini hakurudi, yule paka alikuwa wa kweli? Mmoja kauliza lazima uende Ulaya ndo uwe mwandishi, mana redioni kasikia habari za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 na maisha yake Uingereza. Suala zito lile kwa mtoto wa Pemba. Mgeni akamjibu taratibu, akamwambia kuna marehemu Haji Gora Haji, mtu wa Tumbatu, kazaliwa 1933, kasoma chuo cha Kurani, kavua samaki, kasafiri na majahazi, na mashairi yake yanasomeshwa vyuo vikuu. Akauliza nani anamjua Said Ahmed Mohamed. Kimya. Akawaambia huyo kazaliwa hapa hapa Pemba 1947, riwaya zake zimesomwa maskulini Tanzania na Kenya. Uso wa yule mtoto sijui niueleze vipi, kama mtu kaambiwa nyumba anayoipita kila siku ni ya babu yake.

Halafu kawaandikisha. Sharti moja tu, uandike kitu ulichokiona kwa macho yako, kifupi, na usianze na "Siku moja". Mana insha za kwetu nyote munazijua, mtoto anaamka saa kumi na mbili, anapiga mswaki, anakunywa chai, insha imekwisha bado yuko nyumbani. Nusu saa. Wengine wakatafuna kalamu tu, ni kweli, si wote walioandika. Lakini yule yule aliyeuliza maksi kaandika mistari mitano kuhusu mamake anavochambua karafuu usiku, anavotenganisha makonyo, vile vijiti vya karafuu, mbele ya taa, mstari wa mwisho kaandika, "Asubuhi akitupa uji, uji unanukia vidole vya mama." Mgeni kamwambia soma tena. Kasoma tena. Hakumsifu sana, kamuuliza tu, hio taa ilikuwa ya nini, mtoto akainama akaongeza neno "koroboi". Mie nimekulia kwenye karafuu, nimelala juu ya magunia yake, na sijawahi kufikiria kuwa harufu ile inaweza kuingia kwenye insha.

Kasoro zipo, sitaki kuwaficha. Masaa mawili kwa watoto 74 ni kidogo, waliokaa nyuma ya jamvi hawakusikia vizuri na hakuna aliyewapitia kazi zao. Mkondo wa mchana walikosa kabisa, walifika mgeni anavaa viatu, na wale walinuna mpaka kesho yake na wana haki. Alituahidi atasoma kazi za watoto aturudishie na maneno, zilichukua zaidi ya mwezi, kwa mtoto mwezi ni mwaka, wengine washasahau walichoandika. Halafu kuna suala la lugha, kawaambia waandike kama wanavosema kwao, Kipemba kama kilivo. Mie hapa roho inanivuta huku na huku. Moyo unakubali, mana ladha yote ya ile mistari ya mama na karafuu imo katika maneno ya kwetu, lakini mtihani unataka sanifu na atakayeulizwa ni mie. Saivi nawaruhusu Kipemba kwenye buku la hadithi na sanifu kwenye buku la insha, mpaka sasa inakwenda.

Gharama wengi mumeuliza. Vitabu 100,000 na vimebaki vyetu. Yeye tulimpa 50,000, hakutaja bei, tulimpa tulichonacho. Boti, gari na chakula cha mchana (wali, mchuzi wa samaki, wazazi walipika) kama 90,000 hivi. Jumla haifiki 250,000. Mukipanga, musimwite msimu wa karafuu, nusu ya darasa itakuwa mashamba, na muangalie hali ya bahari pia, wakati wa upepo wa kusi boti hucheza na mgeni akifika kachoka. Na kama mwandishi mwenyewe hakuulizeni watoto washasoma nini, mie nngetafuta mwengine.

Ningeambiwa nitoe nyota ningempa nne kati ya tano, ile moja nimeizuia kwa ajili ya mkondo wa mchana. Tushamuomba arudi, na mara hii aanze na wao. Kasema atakuja, ila anataka kwanza apelekewe hadithi kumi za watoto, zenye mikato yake vile vile, asiandikiwe safi. Mpaka leo nnazo saba.